Mstari wa Arobaini na Mbili

Madame Michelle wa Evere, mtaa wa jiji la Brussels, alikuwa na miaka themanini na sita, magoti mabovu, na daftari moja la kijani ambalo hakuna mtu aliyeruhusiwa kuliandika ila yeye. Ndani yake mlikuwa na mistari arobaini na mmoja, mmoja kwa kila mwaka: tarehe, saa, na neno "kaimba". Aliyeimba ni merle, ndege mweusi mwenye mdomo wa manjano. Huyu hunyamaza majira yote ya baridi, kisha alfajiri moja huamka na kuutangazia mtaa mzima kwamba baridi imeshindwa. Wimbo huo wa kwanza Madame aliusikia kila mwaka kutoka dirisha la jikoni kwake.

Mwaka huu masikio yalimgomea: aliyesema karibu naye alimsikia, ndege wa juu ya paa hapana.

"Mstari wa mwaka huu utabaki mtupu," alimwambia Mwamvua, mama wa Kirundi aliyekuja kila asubuhi kumwogesha na kumpikia. "Ukibaki mtupu, nalifunga daftari. Nimemaliza."

Walizungumza Kifaransa, na Mwamvua alilijua vizuri neno hilo la "nimemaliza". Katika miaka kumi na minne ya kutunza wazee alikuwa amelisikia mara tatu, na mara zote tatu aliyelisema hakufika kiangazi. Roho ilimuuma.

"Madame, mimi nitakusikilizia."

"Wewe? Merle humjui."

"Nitamjua. Ramadhani ndiyo hii, naamka kula daku kila siku. Nani anaamka kabla yangu?"

Mwamvua alizaliwa Buyenzi, Bujumbura, na akisema jambo, amesema. Siku ya nne ya mfungo, jikoni kwake katika mtaa jirani wa Schaerbeek, saa kumi na moja alfajiri, ndege alianza kuimba karibu na taa ya barabarani.

"Papa Latifa! Sikia! Iko naimba!"

Mumewe, Amissi, alikitua kikombe cha chai kana kwamba kimemuunguza. "Ndege ameimba? Alors kumekucha! Maman Latifa, umetulisha mpaka muchana!" Akasukutua mdomo, akatia nia, akakaa. Kumbe alikuwa bado na zaidi ya nusu saa ya kula, na mandazi yake matatu yalibaki mezani yakimtazama. Aliyakumbuka mpaka magharibi.

Mwamvua alifika Evere akitweta kwa furaha. Madame alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: je, alimwona? Hakumwona. Aliimba gizani, kwenye taa? Ndiyo.

"Huyo si merle, ni kifua-chekundu. Taa humdanganya, anaimba baridi yote. Tena ni wa Schaerbeek. Dirisha langu liko hapa." Daftari likarudi kwenye droo.

Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi, Mwamvua alijisemea moyoni, ingawa hakuwa na hakika ni nani kati yao aliyekuwa mkaidi zaidi. Tangu kesho yake, akishaswali tu, alipanda tramu ya kwanza na kwenda kukaa kwenye bustani ya Madame, mtandio ameusogeza nyuma ili masikio yawe wazi. Siku tano alisikia kunguru, njiwa, na ndege za uwanja wa Zaventem zikipaa. Mafua yalimwingia. Hakuacha kwenda.

Siku ya sita hewa ilikuwa laini, na udongo ulinukia kama umemwagiwa maji ya uvuguvugu. Juu ya paa la jirani, kwenye antena, ndege mweusi tititi alifungua mdomo wake wa manjano. Sauti ilikuwa nene, ya taratibu, kama mtu anayepiga mluzi huku akitafuta funguo zake. Mwamvua alicheka peke yake, kisha akakimbilia ndani.

Alimfikisha Madame dirishani na gauni la kulalia, miguu peku. Madame aliona koo la ndege likitetemeka, machozi yakamlengalenga.

"Namwona," alisema. "Lakini kuona si kusikia. Anaimbaje?"

Hapo palikuwa na kazi. Buyenzi mwanamke hapigi mluzi, tena ndani ya nyumba, tena Ramadhani. Bibi yake angemfinya mpaka alie. Mwamvua akasema astaghfirullah, akaweka mdomo kwenye sikio la Madame, akapiga. Mara ya kwanza ulitoka upepo mtupu, maana midomo ilikuwa mikavu kwa saumu. Mara ya pili mluzi ulipanda, ukazunguka, ukaanguka mwishoni kwa kicheko kidogo, vilevile alivyousikia.

Madame alimshika mkono. "Tena."

Akapiga tena. Huko nje ndege akajibu, au labda alidhani anatukanwa, Mungu ndiye ajuaye. Madame Michelle akaanza kucheka, akacheka kama msichana, hadi ikabidi aketi. "Ndiye! Ndiye mwenyewe, mhuni huyu!"

Daftari likatolewa. Madame alishika kalamu, akaitazama kidogo, kisha akampa Mwamvua.

"Andika wewe. Mimi sikumsikia ndege. Nimekusikia wewe."

Mwamvua aliandika tarehe, saa, neno "kaimba", na jina lake kamili. Madame aliukagua mstari ule herufi kwa herufi.

"Mwakani mwezi wenu wa kufunga unaanza lini?"

"Unarudi nyuma siku kumi na moja, Madame."

"Kumi na moja." Madame akahesabu kwa vidole, akakunja uso. "Basi nunua koti zito zaidi. Utamngoja kwenye baridi kali."

Mwamvua akasema insha'Allah, akaenda kumtafutia soksi.