Chale za Baba Farhan

Mume wangu Mikidadi, baba Farhan, ana duka la vitenge Nsemulwa, na ana mdomo. Mteja akiingia na hirizi shingoni, atahubiriwa mpaka asahau kilichomleta. "Waganga waongo wakubwa nyie!" Utadhani mganga ndiye kaja kununua.

Jumatatu mguu wake wa kushoto ukafa ganzi, ukawa baridi. Alipoona haupati nafuu, Jumatano mimi na jirani yetu Abdillah tukamkokota hospitali. Bahati yetu, wiki ile walikuja madaktari bingwa wa mishipa. Daktari Vestina akatafuta mapigo mguuni, hakuna. Damu imeganda, akasema, imeziba mshipa. Atapitisha mrija mwembamba kinenani, dawa idondoke polepole iyeyushe lile donge. Tukichelewa, mguu unakatwa.

"Ila dawa hii haichagui. Penye kidonda kibichi patachuruzika damu. Mzee, umekatwa au kuchanjwa popote siku hizi?"

"Wembe haujanigusa, wallahi!"

Jamani, mwanaume huyu! Jana yake kaenda Mwamkulu kwa mganga Osward, kaambiwa mguu umekaliwa na jini, karudi na mgongo wenye chale mbichi. Mimi kaniambia amekwaruzwa na miiba, hajui kwamba bodaboda aliyempeleka keshanimwagia yote. Sasa ananikonyeza ninyamaze, maana Abdillah kasimama pale, na Abdillah akisikia neno asubuhi, mchana limeshafika Kapalamsenga.

Aibu yake niliijua. Lakini mguu je?

"Daktari, mgeuze umwone mgongo."

Zilikuwa arobaini na moja. Abdillah alicheka mpaka akashika ukuta. Daktari hakucheka hata kidogo.

"Mama, umefanya la maana. Ni za juujuu, tutazibana kwa bandeji na kuzichunga. Tusingejua, tungekuwa na kazi nyingine hapa."

Wakamviringisha bandeji kifua kizima, dawa ikaanza kudondoka. Baba Farhan akageuzia uso ukutani. Kesho yake wakautoa mrija. Alipoambiwa anaweza kujigeuza, nikakaa kitandani miguuni pake na kikombe cha uji.

"Umenivua nguo mbele ya Abdillah!" akafoka. "Niondokee hapa, mwanamke wewe!"

Akanisukuma.

Kwa mguu. Ule wa kushoto.

Uji ulimwagika wote. Nilipiga vigelegele mpaka nesi akaja mbio.

"Nisukume tena, baba Farhan," nikamwambia huku nalia. "Nisukume tena."