Hitilafu ya Kumi na Saba

Kabla ya saa nne asubuhi Biira alikuwa ameshakufa mara thelathini na moja. Kila alipokufa aliandika daftarini mahali alipofia: darajani, penye theluji, bondeni ambako ardhi ilimmeza mpandaji na simu ikazimika. Simu zilikuwa tano, zote za bei ya chini, zimepangwa juu ya ndoo iliyofunikwa nyuma ya saluni ya Alisi, hapa Bwera, mpakani na Kongo. Kiti hakukuwa nacho. Tangu jana alikuwa amekula kipande kimoja cha muhogo wa kuchoma, na kidole gumba chake cha kulia kilivimba hata kushika kalamu ikawa taabu.

Hiyo ndiyo kazi aliyoipata, kucheza gemu ambayo haijakamilika ili aone inaharibikia wapi. Kampuni moja ya Kampala ilitengeneza gemu ya simu ya kupanda mlima Rwenzori, na kati ya waliolipa kiingilio, wa kwanza kufika kileleni aliahidiwa pikipiki. Mwezi wa nne huu Biira hajaona mshahara. Bosi wake, Ronnie, alisema atampa barua ya ajira siku pikipiki itakapotolewa.

Usione ni barua tu. Bintiye Phionah, wa miaka sita, alichukuliwa na ukoo wa marehemu baba yake, huko juu Kyondo, siku tatu baada ya mazishi. Mtoto ni wa ukoo, walisema. Lakini mama akileta barua ya kazi na akiwa na chumba chenye kitanda, atamchukua. Walimpa mpaka Jumamosi, saa sita mchana. Ikipita hapo, Phionah anavushwa mpaka kwenda kwa shangazi yake Butembo. Chumba Biira alishakipata, na kitanda pia, chenye shuka mpya ya maua ambayo bado hajaruhusu mtu yeyote kuikalia.

Gemu ilitoka Alhamisi asubuhi ya wiki hiyo, na mshindi angetangazwa Ijumaa. Lakini wiki tatu kabla yake Biira alikuwa ameandika hitilafu ya kumi na saba, na hiyo ilimnyima usingizi. Gemu iliuliza jina moja tu. Watu wawili wenye jina moja wakitumia simu moja, iliwahesabu kuwa mtu mmoja. Wa pili akianza chini ya mlima, na wa kwanza alirudishwa chini, hata kama alishafika kileleni. Sasa kwa Wakonzo, watu wa huku, jina hufuata zamu ya kuzaliwa. Binti wa pili ni Biira, mvulana wa tatu ni Baluku. Ndugu wawili wakijenga ua mmoja, hawakosi akina Baluku wawili, na simu ya kuchezea huwa moja.

Jumatano Ronnie alifika na gari la matangazo. Biira alimfungulia daftari.

"Bosi, hii ya kumi na saba ni mubaya sana."

"Watu wawili, jina moja, simu moja? Hiyo itatokea wapi, nyabo?"

"Hapa, bosi. Kila nyumba. Ba Baluku beko wengi."

Ronnie alicheka, tena si kwa ubaya. "Sisi Kampala tulijaribu, iko sawa. Hizo zingine tutatengeneza nyuma, ikishatoka. Gemu zote siku hizi zinatoka hivyo. Wachezaji wenyewe ndio wanatuonyesha shida."

"Na pikipiki? Batu balilipa kiingilio."

"Redio imeshatangaza. Unataka niambie wakubwa wangoje, sababu Biira wa Bwera hataki?" Alitoa karatasi mfukoni. "Weka sahihi hapa, kwamba umejaribu gemu na iko tayari. Bila hii, barua yako sitatoa."

Biira alimfikiria Phionah, akatia sahihi. Asije mtu akasema yeye angekataa. Anayesema hivyo hajanyang'anywa mtoto.

Alhamisi mchana, Baluku Kosiya, mkulima wa pamba kutoka Munkunyu, alifika kileleni mbele ya macho ya nusu ya watu wa senta ya Bwera. Walimbeba juu juu. Mke wake alilia kwa furaha, kwa kuwa pikipiki hiyo ingewatoa kwenye kibarua cha mashamba ya watu. Jioni yake binamu yake, Baluku Apollo, akaazima simu ileile ajaribu na yeye.

Ijumaa, uwanja wa soko ulijaa. Ronnie alisoma kutoka kwenye kompyuta yake kwamba hakuna aliyefika kileleni. Baluku, alisema, yuko hatua ya kwanza.

"Mimi nilifika!" Kosiya alipiga kelele. "Batu bote baliona!"

Wengine nao wakapaza sauti, akina Masika, akina Kule, kila mmoja na simu mkononi. Ronnie alishika maikrofoni vizuri.

"Ndugu zangu, kampuni inasikitika. Aliyejaribu gemu ni huyu dada wa kwenu. Yeye ndiye alisaini kwamba iko sawa. Karatasi hii hapa."

Polisi walipofika, gari la Ronnie lilikuwa limeshashika barabara ya Kasese, pikipiki imefungwa juu yake na utepe wake mwekundu. Biira hakukimbia. Alipochukuliwa alikumbatia daftari lake njia nzima, akiamini ndilo litakalomwokoa. Masikini.

"Kaa chini," alisema afande Ajok kituoni, mwanamke mrefu wa kutoka Lira. "Si kwa benchi. Chini!"

Alifungua daftari polepole. "Hii ya kumi na saba. Uliandika lini?"

"Wiki tatu zimepita, afande."

"Kumbe ulijua."

"Nilimwambia bosi."

"Yeye aliandika wapi kwamba uliambia yeye?"

Biira alionyesha daftari kwa kidole.

"Mimi naona karatasi mbili. Moja inasema gemu mzima, sahihi yako. Ingine inasema gemu mbovu, mwandiko yako. Hiyo inaitwa wizi."

"Afande, kesho nakwenda kuchukua mutoto yangu. Nakuomba. Nitarudi mwenyewe."

"Koti ya hakimu iko Jumatatu. Vua viatu, ingia ndani."

Jumamosi jua lilikuwa kali. Afande Ajok alikaa kwenye benchi la korido na simu ya Biira, ile iliyoandikwa kitabuni kuwa kielelezo, akicheza. Mara mbili alitukana kwa Kilango, lugha ya kwao Lira.

"Wewe! Kuja hapa. Mutu yangu imeingiza mguu ndani ya jiwe, haitoki."

Biira alisogea kwenye vyuma, akatazama kioo.

"Rudi nyuma mara mbili, afande. Halafu ruka."

"Eh! Imetoka!" Afande akapiga paja, meno yote nje.

"Afande, saa ngapi?"

"Saa saba imepita." Hakuinua macho. "Na hapa sasa, napita wapi?"

Machozi yalikuwa yanamshuka Biira hadi kidevuni, na mikono yake yote miwili imeshika vyuma.

"Kulia, afande," alisema. "Kushoto kuna shimo."