Mtoto wa Kuazima

Pale kijijini, kwenye mgongo wa kilima unapoanza kuteremka kuelekea Baray, palikuwa na nyumba moja isiyojua kukaa tupu, nayo ilikuwa ya Germana. Ukiwa na kiu unaingia kwa Germana. Ukigombana na mkeo unaishia kwenye benchi la Germana. Pombe yake ilikuwa nzuri, hilo hakuna aliyebisha, lakini watu walifuata maneno zaidi. Germana alijua nani kauza ndama bila kumwambia kaka yake, na barua ya fulani kutoka Arusha ilisema nini hata kabla mwenyewe hajamaliza kuisoma.

Kwa hiyo kamati ya kijiji ilipotafuta mtu wa kupita nyumba kwa nyumba kutangaza Siku ya Afya, haikuumiza kichwa.

"Mama Piusi, kazi hii ni yako," alisema mwenyekiti Josephati. "Wewe hata mbwa za watu hazikubwekei."

Germana akajifunga kitenge akatoka. Alitangaza kwamba Jumamosi hakuna kushika jembe. Migongo ipumzike. Wazee watapimwa presha, vijana watavuta kamba, akina mama watakaa kivulini wapige soga bila mtu kuwauliza ugali uko wapi. Na watoto wadogo wote watapimwa uzito mbele ya watu, na mama wa mtoto atakayeshinda kwa afya atapewa mche mzima wa sabuni. Huo ulikuwa mwaka wa themanini na nne, sabuni ilikuwa imekuwa hadithi, watu wanafulia majivu. Presha hawakuiuliza. Waliuliza kama mche ni mzima kweli au umekatwa.

"Mzima, nimeuona kwa macho," Germana alijibu, na kila mlangoni aliacha neno lile lile: "Mlete mtoto! Anayeficha mtoto ana la kuficha."

Akarudi nyumbani kwake, akafunga mlango wa chumba cha ndani, maana humo ndani alikuwa amefichwa mjukuu wake.

Valeriani alikuwa mtoto wa Piusi, mwanawe aliyekuwa mpishi kwenye hoteli ya watalii kule juu ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Piusi alikuja Krismasi, akakaa wiki, akarudi kazini. Na ndiyo wiki hiyo mambo yalipoharibika. Nyumba nyingi za pale, mwanamke akiwa na mtoto wa ziwa, mama mkwe hulala naye chumba kimoja hata mume akija likizo, mpaka mtoto atembee. Germana alilijua hilo na aliwahubiria wenzake. Lakini Krismasi nyumba ilijaa, watu wanacheka, kuna mgeni katoka Mbulu na habari mpya za ugomvi wa kanisani. Nani angeondoka akalale? Aliposhtuka kulikuwa kumekucha, na mwezi wa tatu ulipofika mkwe wake Antonia alikuwa anatapika nyuma ya zizi.

Siku hiyo hiyo Germana alimwachisha mtoto ziwa. "Maziwa ya mimba ni sumu," alimwambia Antonia. "Mpe uji." Uji wa mahindi, asubuhi uji, jioni uji. Mtoto akavimba miguu. Uso ukawa wa duara, mtu angesema kanenepa, ila hacheki, na nywele zikawa nyepesi na nyekundu kama ndevu za hindi bichi.

Neno ambalo watu wangelisema Germana alilijua vizuri: kabemendwa. Yaani wazazi hawakuvumilia, wamerudiana kabla ya wakati, na mtoto ndiye anayelipa. Alilijua kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akiwavisha wengine. Miaka miwili nyuma alimvisha Cresensia, jirani wa ng'ambo ya korongo, mwanamke mpole asiye na ndugu wengi. Alilisema mara moja tu, kwenye benchi, kwa kucheka. Likatoka hapo likawa wimbo wa walevi. Cresensia akawa anachota maji saa ya jua kali, saa ambayo kisimani hakuna mtu.

Asubuhi ya Jumamosi Antonia alisimama mlangoni, mtoto begani.

"Mama, manesi wamefika. Nimesikia gari. Nimpeleke?"

"Umpeleke wakuimbie?"

"Waimbe tu, mama. Jana hakula kabisa."

"Tutampeleka hospitali ya Karatu. Kimyakimya."

"Tangu Pasaka unasema kimyakimya."

Germana akageukia sanduku la nguo. Alivaa gauni lake la Ekaristi, akatoka, akasimama nje kidogo kusikiliza kama mtoto analia. Hakulia. Kulia kwenyewe alikuwa ameacha.

Uwanja wa mpira ulikuwa umejaa. Mizani ilikuwa imening'inizwa kwenye mlingoti wa goli, na chini yake Nesi Lukresia, mama wa makamo mwenye sauti ya kuamrisha, alikuwa akiwavisha watoto kaptula ya turubai na kuwaning'iniza mmoja mmoja, wakipiga mateke, watu wakishangilia kama goli limeingia. Mche wa sabuni ulikuwa mezani, umefunikwa leso kama maiti ya mkubwa.

"Mama Piusi!" wakaita wanawake kivulini. "Wa kwako yuko wapi? Tuna miezi hatujamwona."

"Anakuja na mama yake."

"Isije ikawa ana la kuficha," alisema mmoja, wote wakacheka, naye Germana akacheka kuwazidi. Aliondoka pale kama mtu anayetafuta maji ya kunywa.

Nyuma ya ghala la ushirika ndipo alipomkuta Nosim, mwanamke wa Kimaasai aliyekuwa akiteremka mara moja moja kutoka upande wa Ngorongoro kuuza maziwa. Alikuwa ameketi na vibuyu vyake, na mgongoni, ndani ya shuka, mtoto. Mtoto gani! Mashavu kama maandazi. Aliitwa Moringe, naye alikuwa anasinzia, mate yanamtoka kwa shibe.

Hapo hakupanga. Angeulizwa baadaye angeapa kwamba hakupanga. Mdomo ulitangulia kama kawaida yake.

"Mwanangu Nosim, leo ni siku ya akina mama kupumzika. Wewe mbona hupumziki? Nipe huyo nikubebee, uuze maziwa yako vizuri."

"Ashe, koko," Nosim alimshukuru, akimwita bibi kwa Kimaasai, akacheka. "Mgongo inauma kweli. Akilia unaniletea, eh?"

Alipozunguka kona ya ghala, Germana akamvua mtoto shanga za shingoni, akazifunga kwenye pindo la kitenge. Mkobani mwake mlikuwa na kofia ya sufu na sweta alivyomfumia Valeriani, akamvika. Sweta likabana tumboni. Akaingia uwanjani na mtoto mgongoni, na hakusema kuwa ni wake. Hakuna aliyemuuliza.

"He! Mjukuu wa Mama Piusi huyo? Kanenepa!"

"Mama, mnampa nini?"

"Tunampa chakula," alisema Germana, na joto la yule mtoto mgongoni likamfanya kwa dakika moja aamini kwamba yote ni kweli, kwamba nyumbani hakuna chumba kilichofungwa.

Foleni ikasogea. Nesi akampokea mtoto, akamvua sweta, akamvua nguo ya chini, akamwinua juu watu wamwone. Ndipo Germana alipoona alichosahau. Kiunoni, chini ya kitovu, kulikuwa na uzi wa shanga nyekundu na nyeupe, na ngozi ndogo imeshonewa katikati, kazi ya Kimaasai isiyohitaji kuulizwa.

Nesi alikuwa mtu wa Tanga, kwake shanga ni shanga. Lakini kivuli chote cha akina mama kilinyamaza. Cresensia alikuwa amekaa benchi la mbele. Alizitazama zile shanga, akamtazama Germana usoni, akainamisha macho.

"Huyu ndiye mtoto!" Nesi akapaza sauti. "Ndugu wananchi, mwangalieni! Jina lake?"

Germana alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu watu wamjue, hakukutoka kitu.

"Moringe," akajibu mtu nyuma. Nosim alikuwa anapenya katikati ya watu, kifua kimelowa. "Anaitwa Moringe. Koko, mlete anyonye, maziwa inaniuma." Akamchukua mtoto kwenye mikono ya nesi, akamkagua shingo. "Na shanga yake?"

Ilibidi Germana afungue pindo la kitenge mbele ya kijiji kizima. Fundo lilikuwa limekaza. Alilifungua kwa meno.

Kwanza walicheka vijana waliokuwa wanavuta kamba. Kisha wakacheka wanaume wa presha. Wanawake hawakucheka, na hilo ndilo lililomchoma zaidi, maana aliwajua. Walikuwa wanatunza kila kitu, rangi ya sweta na namna alivyouma fundo, kwa matumizi ya kesho.

"Kumbe kuna kuazima na watoto siku hizi!" alisema mlevi mmoja, mteja wake wa kila siku. "Mama Piusi, mimi niazime mke!"

Nosim alicheka kidogo, kisha akaona hakuna cha kuchekesha, akaondoka na mwanawe. Nesi Lukresia yeye hakucheka kabisa.

"Mama, huyu si wako. Haya. Wa kwako yuko wapi?"

"Yuko kwa baba yake, Ngorongoro," alisema Germana. Likatoka laini, bila kujikwaa. Alishangaa mwenyewe jinsi lilivyotoka.

"Sawa. Akirudi mlete kliniki. Anayefuata!"

Ikawa imekwisha hivyo. Germana alitafuta pa kukaa, na nafasi iliyokuwepo ilikuwa moja, pembeni mwa Cresensia. Akakaa. Walikaa muda, mabega karibu kugusana. Manesi wakaanza kufunga vitu vyao.

"Gari linaondoka wakishakula," alisema Cresensia bila kumgeukia.

Germana aliligeukia lile gari.

"Wa kwangu nilimfungia ndani msimu mzima. Kliniki niliiona kwa mbali tu. Kwa ajili ya mdomo wako, Mama Piusi. Aliishi, Mungu alinisaidia, lakini mpaka leo akipanda kilima anakaa njiani." Alikuwa anazungumza polepole, kama anayechambua maharage. "Usidhani nakuonea huruma. Wewe sikuonei huruma hata kidogo. Namsemea yule mtoto. Antonia alikuja kwangu juzi usiku kuomba maziwa, nikamwona. Nenda kamlete."

"Wataniimba, Cresensia."

"Watakuimba."

Germana aliinuka. Kutoka uwanjani mpaka nyumbani si mbali, lakini alipita mbele ya watu wote, na hakuna aliyemsalimia, na yeye hakujua aweke wapi macho. Antonia alikuwa ameketi kitandani, mtoto begani. Akasimama.

"Nipe nimbebe mimi," alisema Germana.

"Utamfunika?"

"Hapana."

Wakarudi, mtoto mbele kifuani, kichwa wazi, nywele zile zikionekana. Kamba ya mashindano ikalegea chini. Germana alisikia neno likipita kinywa hadi kinywa nyuma yake, neno lake mwenyewe, na alilitambua hata lilivyotamkwa, kwa kucheka kidogo mwishoni, kama alivyokuwa akilitamka yeye.

Nesi Lukresia alikuwa na kijiko cha wali mkononi. Akakiweka. Akabonyeza mguu wa Valeriani kwa kidole gumba, akaachia, na shimo likabaki pale, halikujaa.

"Hii kwashakoo imeanza lini?"

Antonia akamtazama mama mkwe wake. Watu walikuwa wamesogea mpaka wanagusa gari.

"Baada ya Pasaka," alisema Germana.

"Na mmekaa naye ndani muda wote huo? Anakula nini?"

"Uji."

"Uji na nini?"

"Uji tu. Mama yake ana mimba. Mimi ndiye niliyemwachisha ziwa. Nilisema maziwa ni sumu."

"Nani kakwambia?" Nesi alipandisha sauti. "Mwanamke akipata mimba maziwa yake hayageuki sumu! Mtoto kanyimwa ziwa, hakupewa maziwa, hakupewa maharage, hakupewa hata dagaa, kaachiwa uji mtupu, ndiyo maana kavimba. Sijui mambo ya vitandani mnayosemasema hapa, hayamvimbishi mtoto miguu. Ni chakula!"

Germana alisikia kila neno. Na alisikia kwamba hata lile alilomvisha Cresensia halikuwa na kitu ndani yake, lilikuwa kelele tu. Aligeuka kumtafuta kwenye benchi. Cresensia alikuwa anamfunga mwanawe kamba ya kiatu na hakuinua kichwa.

"Huyu anakwenda hospitali sasa hivi," alisema Nesi. "Mama yake apande. Kuna nafasi ya mtu mmoja zaidi."

Germana aliweka mguu kwenye ngazi ya Landrova.

"Hapana, mama," alisema Antonia kutoka ndani. Hakusema kwa ukali. "Wewe baki."

"Nikusaidie kumbeba, mwanangu. Usiku utachoka."

"Nitachoka. Baki."

Germana akashusha mguu. Dereva alisubiri kidogo, akaona hakuna anayepanda, akawasha gari. Likaondoka na vumbi lake kuelekea barabara ya Karatu, na kupitia kioo cha nyuma hakuonekana mtoto, ulionekana mgongo wa Antonia tu, umeinama.

Wanawake walimzunguka. Hawakuwa na ubaya, ndivyo walivyo watu, na ndivyo yeye alivyokuwa. Mmoja akamgusa mkono.

"Mama Piusi, hebu tuambie. Ilikuwaje hasa?"

"Nilimficha," alisema Germana. "Nilimficha ili msinicheke."

Wakangoja aendelee, maana siku zote alikuwa anaendelea. Hakuendelea. Akasimama hapo hapo katikati yao, mikono mitupu, akawaacha wamwangalie.