Moyo Mnene wa Kilo Kamili

Muuza nyama mmoja, ambaye watu walimwita Kilo Kamili kwa kuwa mizani yake haikuwahi kumpunja mtu, alirudi kutoka hospitali kifua mbele.

"Daktari amesema presha imeunenepesha moyo wangu," aliwatangazia wateja akitundika mbavu kwenye ndoano. "Nyie wenye mioyo ya kuku mtaniambia nini?"

Katika kazi yake, moyo mnene ulikuwa mali. Aliambiwa pia figo zake zimeanza kuchoka. Akajibu kwamba anazo mbili. Vidonge akavitupa kwenye droo ya visu. Hakuna panapomuuma, ameze vya nini?

Mkewe, aliyekaa dirishani kupokea pesa, kila siku alimwombea tu kwa Mungu. Mpaka asubuhi moja alipomwona mumewe akipepesa macho, akiinua panga na kulishusha kwa kukisia. Likakita kwenye gogo, nusura liondoke na kidole gumba.

"Baba Pacha, unaona kweli?"

"Kuna ukungu kidogo."

"Ukungu, ndani ya bucha?"

Wateja wakacheka. Mke hakucheka. Alisimama mbele ya gogo.

"Ule moyo wa ng'ombe uliouweka kando jana, mbona hukuuza?"

"Ule? Mgumu kama soli! Umenenepa hadi ndani, damu haina pa kukaa. Ng'ombe yule kupanda kilima tu lazima alikuwa anahe..."

Akaweka panga chini. Yeye mwenyewe siku hizi alipanda ngazi za nyumbani kwa vituo.

"Malizia, bwana," alisema fundi viatu, mteja wa kila siku. "Alikuwa anahema?"

"Daktari alisema damu inasukumwa kwa nguvu mno," mke akaendelea. "Inachakaza mishipa ya macho, ya figo, ya kichwa, polepole, bila hodi. Nilikuwepo. Hakusema moyo wako utauzwa kwa kilo."

"Mungu ataniangalia, Mama Pacha."

"Ameshakuangalia! Kakupa daktari, kakupa vidonge, kakupa na mke mwenye kelele. Unangoja ashuke akumezeshe?"

Muuza nyama alivuta droo, akapapasa kati ya visu, akameza kidonge mbele ya watu wote. Akasubiri kidogo.

"Mbona ukungu bado upo?"

"Kidonge hata kooni hakijapita, baba! Kesho tunarudi kwa daktari aangalie hayo macho. Mpaka aseme yanaona, panga hili ni langu. Nenda dirishani."

Akaenda, mdomo umevimba. Mkewe akafunga kanga kiunoni, akakata mbavu za fundi viatu kwa pigo moja, akazitupa kwenye mizani. Mshale ukapita kilo aliyoagiza fundi.

"Umezidisha!" Kilo Kamili akaruka kwenye kiti, mishipa ya shingo imemtoka. "Umezidisha, mwanamke!"

"Kaa chini!" bucha zima likamjibu. "Presha!"

Akakaa. Fundi viatu akafunga nyama yake upesi, kabla mtu hajaipunguza.