Zadock Akemea Wingu

Zadock aliokoka katika muhula wa pili wa kidato cha tatu, Jumamosi, kati ya chakula cha mchana na mchezo wa kandanda, na tangu saa hiyo shetani hakupata usingizi tena. Ndivyo Zadock mwenyewe alivyoamini. Shule yao ya bweni kule Uriri ilishangilia wokovu wake kwa moyo wote, hasa wale waliokuwa wakiamka asubuhi na kukuta kamba za viatu vyao zimefungwa kwenye miguu ya vitanda. Ila nguvu zilezile alizokuwa akizitumia katika utundu alizihamishia kwenye maombi bila kupunguza hata chembe. Aliombea maharagwe mpaka yakapoa. Alikemea pepo wa hisabati kwa wiki nzima. Pepo alikataa kutoka, na matokeo yakatoka.

Novemba shule ilipofungwa, alirudi nyumbani kwao ufukweni, karibu na Kisegi, akiwa na mzigo mzito juu ya roho za watu. Alianza na mama yake. Phelesia alikuwa ameokoka kabla Zadock hajazaliwa, lakini kwa namna iliyomtia mwanawe wasiwasi. Alisali kwa sauti ya chini, kama mtu anayeongea na jirani juu ya ua. Hakuna aliyewahi kumsikia akikemea kitu chochote isipokuwa mbuzi.

"Mama," Zadock alimwambia jioni ya kwanza, kwa upole mkubwa, "nahofia moto wako umepungua."

Phelesia akainama kutazama jiko. "Ni kweli. Ongeza kuni."

Kwa jirani yao Jerusha hofu ilikuwa kubwa zaidi. Jerusha alikuwa mjane mwenye mabega mapana na kicheko cha kusikika ng'ambo ya ghuba. Alikuwa ameacha kwenda kanisani miaka mingi, alianika omena hata Jumapili, na redio yake ilipiga ngoma za ohangla, za kucheza, tangu alfajiri. Zadock alikuwa amemwekea maombi maalumu, na alimjulisha hivyo mwenyewe, mbele ya wateja wake. Jerusha alimshukuru na tangu siku hiyo akamwita Mtume.

Sasa, ufukwe ule una sheria moja ambayo hakuna aliyeiandika. Wanawake hununua omena kutoka kwenye mashua asubuhi, wakawatandaza samaki hao wadogo juu ya nyavu kuukuu wakauke kwa jua. Jua likiwaka vizuri, jioni wako kwenye gunia. Mvua ikiwapata kabla hawajakauka, wanaharibika, na kinachobaki ni kuwauza kwa bei ya kutupa wawe chakula cha kuku. Kwa hiyo mvua ikitishia, omena haina mwenyewe. Aliye karibu anakunja wavu ulio karibu, awe anaongea na mwenye omena au wamenuniana tangu Pasaka.

Alhamisi moja Phelesia alikwenda kusaga mahindi, akamwachia Zadock wavu wake. Jerusha naye akapita akiwa amejifunga leso kiunoni.

"Mtume, nafika sokoni kununua magunia. Omena yangu nimeiacha pale chini ya njia. Ukiona wingu, nikunjie. Turubai liko kando, nimeliwekea jiwe."

"Hakuna wingu litakalokuja, mama. Nimeshaomba."

"Basi ukiona lile ambalo halikusikia, nikunjie."

Halikuchelewa. Lilitokea upande wa visiwa, jeusi, likivuta mvua chini yake kama pazia, na upepo ukaanza kunuka udongo. Wanawake wa mbali walianza kupiga kelele na kukimbilia nyavu zao. Zadock alikuwa na muda. Wavu wa mama ulikuwa hapa, wa Jerusha hatua chache pale chini, na mikono alikuwa nayo. Lakini akaona, kwa mwanga uliomjaa ghafla, kwamba kukimbia ni kazi ya watu wasio na imani. Akapanda juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akanyoosha mikono yote miwili kuelekea ziwani, akaanza.

Alikemea. Aliliita wingu kwa majina ambayo wingu halikuwahi kuitwa. Aliliamuru lirudi lilikotoka, likashindwe, liteketee, jambo ambalo kwa wingu la maji si rahisi. Sauti ikakauka. Mvua ikavuka maji, ikapiga ufukwe, ikapanda mpaka kwenye njia ya miguu inayofuata ufukwe, na hapo, wanawake watatu wakitazama, ikasimama. Ikageuka pole pole na kwenda zake. Omena ya Phelesia haikupata hata tone.

Zadock aliruka kutoka juu ya mtumbwi akipiga kelele za ushindi. Wanawake wakapiga vigelegele. Mmoja akamkumbatia. Mwingine akamwuliza kama anaombea pia mashine za mashua. Katika furaha hiyo yote, haikumpitia akilini kutazama chini ya njia.

Saa kumi habari ilikuwa imemfikia Mzee Cephas, mzee wa kanisa, ambaye alimpigia Phelesia simu na kusema Jumapili kijana atapewa muda wa kutosha kutoa ushuhuda. Zadock alianza mazoezi papo hapo mbele ya mbuzi. Ushuhuda ulikua haraka. Mara ya kwanza wingu lilikuwa jeusi. Mara ya pili lilikuwa na uso. Mara ya tatu lilinguruma jina lake, na mbuzi wakaondoka.

Alipokwenda kuutafutia ushuhuda huo msikilizaji bora, alimkuta mama yake nyuma ya nyumba akipakia omena iliyokauka. Gunia moja lilikuwa limejaa nusu. La pili lilikuwa likielekea kulingana nalo.

"Hili la pili ni la nani?"

"La Jerusha. Yake imelowa yote."

"Mama! Hiyo ni omena ya muujiza!"

"Ndiyo maana naigawa. Shika upande huo."

Zadock hakushika. "Lakini Mungu ameilinda yetu. Pengine kuna jambo anamwonyesha Jerusha."

Phelesia akaweka karai chini, akajifuta mikono kwa leso. Hakuonekana kukasirika, na hilo lilimtisha Zadock kuliko kofi.

"Nieleze taratibu, mwanangu, mimi sikufika kidato cha tatu. Mvua ilikutii?"

"Ilitii jina la Bwana."

"Kwa mdomo wako."

"Ndiyo."

"Uliiambia isimame, ikasimama."

"Kabisa!"

"Na kabla ya kusimama ilikuwa imeshamlowesha Jerusha. Basi ungeiambia mapema kidogo, au vipi? Kama uliishika kamba, ni wewe uliyemnyeshea."

"Hapana, mama, pale chini... pale ilikuwa inajiendea yenyewe."

"Aa. Kama ilikuwa inajiendea yenyewe, basi wewe ulikuwa umesimama juu ya mtumbwi wa watu, una mikono miwili mizima, na turubai liko pale limewekewa jiwe. Chagua moja. Lolote utakalochagua nitaliheshimu."

Zadock akatafuta njia ya tatu. Maisha ya bweni humfundisha mtu kwamba mwalimu wa zamu akikuuliza swali lenye majibu mawili, daima kuna la tatu. Alitafuta mpaka masikio yakapata moto. Hakuliona.

"Kwa hiyo nisiombe?" aliuliza hatimaye, kwa sauti ndogo.

"Nani amesema? Mimi huomba nikikimbia. Mungu humsikia hata mtu aliyebeba karai." Akainama tena kwenye kazi yake. "Shika upande huo."

Akashika.

Walilibeba gunia pamoja mpaka kwa Jerusha, wakamkuta ameketi kando ya wavu, akichota omena iliyolegea kwa kiganja na kuitazama. Redio ilikuwa kimya. Zadock hakuwahi kuisikia ikiwa kimya.

"Nyar Uriri," Jerusha alimwambia Phelesia, akimwita kwa jina la kwao alikozaliwa, "na wewe utabaki na nini?"

"Na nusu. Mbona unauliza kama mtoza ushuru?"

Jerusha akacheka kidogo, akalishika gunia, halafu akamgeukia Zadock. "Na huyu amekuja kunitoa pepo?"

Njiani Zadock alikuwa ametunga maneno. Yalikuwa na utangulizi. Sasa yote yakamtoka kichwani, yakabaki yale ya chini kabisa.

"Uliniambia nikunje. Sikukunja. Nisamehe, mama."

"Nimesikia ulikuwa na mazungumzo na wingu."

"Ndiyo."

"Likasemaje?"

Zadock akafikiri. "Halikusema kitu."

Jerusha alicheka mpaka akajishika mgongo, na kicheko kikavuka ghuba kama kawaida. "Njoo kesho," alisema akijipangusa macho. "Hii lazima igeuzwe kutwa, la sivyo hata kuku wataikataa."

Ijumaa kutwa Zadock aligeuza omena iliyolowa. Harufu yake ni jambo ambalo adabu inatuzuia kulieleza. Alifukuza kunguru, aligeuza, akafukuza tena. Redio ilirudi kazini, na mara moja, kunguru wakiwa mashahidi, mguu wake wa kulia ulianza kufuata ngoma bila ruhusa.

Adhuhuri, wakinywa uji, Jerusha alisema bila kuulizwa, "Mume wangu alipougua, watu walijaa hapa kukemea. Kila siku, sauti mpaka barabarani. Mtu wa kuchota maji hakuwapo. Mama yako alikuja akafua mashuka, akaanika, akaenda. Hata wimbo hakuimba."

Zadock alikuwa na jibu. Alikuwa na majibu kadhaa, yote mazuri, mengine na mistari yake. Yalipanda mpaka kooni, akayameza pamoja na uji, kwa shida.

"Pole, mama," alisema. Kisha akaona ndoo iko tupu, akaichukua kwenda kuijaza.

Jua lilipoelekea kuzama, Jerusha alimtazama kwa jicho la pembeni. "Leo huniombei?"

"Naruhusiwa?"

"Fupi."

"Mungu, msaidie mama Jerusha. Kesho tupe jua. Amina."

"Hiyo tu? Na macho hukufumba!"

"Yule kunguru, mama, ananitegea."

Jumapili kanisa lilijaa. Mzee Cephas alisimama mbele, akarekebisha tai, akatangaza kwamba kijana aliyegeuza mvua atawaeleza matendo makuu. Watu wakapiga makofi. Zadock alitembea mpaka mbele, na wingu lenye uso lilikuwa pale kwenye ulimi wake, limekamilika, linanguruma. Lilikuwa zuri kweli. Akamwona mama yake kwenye benchi la tatu, akitafuta peremende kwenye mkoba.

"Bwana asifiwe," alisema. "Alhamisi niliachiwa omena ya jirani niitazame, nikaiacha ilowe. Mama yangu akamgawia yake. Namshukuru Mungu kwa ajili ya mama yangu." Akarudi kuketi nyuma ya mama yake.

Watu walikuwa bado wanangoja wingu. Mtu mwenye huruma akaanzisha wimbo. Phelesia hakugeuka, ila mkono wake ulirudi nyuma ya benchi na peremende moja kiganjani.

Baada ya ibada wazee walishauriana nje, na hitimisho lao likawa moja: kijana amepoa. Huenda ni msichana, huenda ni simu, lakini ule moto haupo tena. Ikaamuliwa aombewe haraka kabla hajazimika kabisa. Wakamwita, wakamzunguka, wakamwekea mikono kichwani.

Zadock wa mwezi uliopita angewaeleza wazee, kwa ufasaha, nani hasa aliyepoa. Huyu aliinamisha kichwa. Mkono wa Mzee Cephas ulikuwa mzito, na ulimsukuma chini kwa kila neno kama mtu anayepiga pampu. Alimtaja kwa jina, tena na tena, kama anayemwita mtu aliye mbali. Zadock alitambua kwamba mzee huyu alikuwa anahofu juu yake kwa dhati, na chini ya mkono ule akaanza kumwombea, pole pole, yeye na magoti yake mabovu. Waliposema amina, akasema amina pamoja nao.

"Umesikia kitu?" Mzee Cephas aliuliza, akihema.

"Ndiyo, mzee. Njaa."

Mzee Cephas akatazama saa yake, akagundua kwamba hata yeye ameisikia.