Golikipa wa Arobaini na Moja

"Arobaini na moja!" Nsengimana alisema, huku akiigonga orodha ya wachezaji kwenye skrini ya kompyuta kwa kidole chenye udongo wa shamba.

"Kaka, toa kidole kwa écran," Callixte akamwambia.

"Nitatoa kidole wakati weye utatoa hii namba. Mimi, gardien wa Kibabi, arobaini na moja? Na Tuyizere, ule mwenye kukimbia sawa muntu anabeba mufuko ya makaa, iko na sabini?"

"Tuyizere anakimbia vibaya, lakini anafikaka."

Watu waliokuja kuchaji simu dukani kwa Papa Guylain wakaangua kicheko. Callixte hakucheka. Nsengimana, golikipa wa timu ya kijiji, alikuwa kaka mkubwa wa Béata, msichana ambaye Callixte alitaka kumwoa, na baba yao alikwisha kufariki. Jumapili ijayo wajomba wa Callixte wangepeleka mitungi ya kasiksi kumwomba Béata, na huyu huyu ndiye angeipokea. Angeonja ile pombe ya ndizi mbele ya watu, na mambo yangeanza. Au angeiacha pale mpaka igeuke siki.

"Nakuambia mbele ya bantu bote," Nsengimana akamaliza, "kasiksi ya muntu mwenye kuniandika arobaini na moja, mimi siinywi." Akachukua panga lake mlangoni, akaenda zake.

Balaa hili lilianzia kwenye virusi. Papa Guylain, mfanyabiashara aliyetoka Butembo, alikuwa ameweka kompyuta dukani ili watu wacheze huku simu zao zikila umeme wa jua. Mwaka wa kwanza ilikufa mara nne, kila mara kwa ugonjwa ulioletwa na flash yenye nyimbo za kwaya. Mara ya nne Callixte, aliyekuwa mwangalizi wake, aliifunga kwenye blanketi, akapanda nayo pikipiki mpaka Goma, na rafiki yake akaiwekea Linux: mfumo usiouzwa, uliotengenezwa na watu wanaoacha milango yote wazi ili anayetaka aingie, atazame, abadilishe. Tangu hapo virusi vilifika, vikatazama, vikakosa pa kukaa. Callixte akatembea kifua mbele kana kwamba ameutengeneza yeye.

Lakini michezo! Mpira ambao kila mtu aliujua ulikuwa wa Windows. Kwa wiki tatu Callixte alipigana na programu ya kuudanganya ule mchezo kwamba bado uko nyumbani kwake. Siku ya kwanza skrini nyeusi. Siku ya nane muziki bila picha. Siku ya kumi na tano picha zikaja: miguu ishirini na miwili... hapana, arobaini na minne, ikikimbia uwanjani bila miili juu yake. Aliitukana kwa Kiswahili, kwa Kinyarwanda na kwa Kifaransa, na lugha zote tatu hazikusaidia.

Mwishowe akapata mchezo mwingine wa mpira, wa bure, uliotengenezwa kwa ajili ya Linux yenyewe. Wachezaji walikuwa na nyuso kama matofali, na hawakuwa na majina. Siku moja, akipekua mafaili yake, akaikuta orodha yao: maandishi ya kawaida tu, kila mchezaji na namba zake, kutoka sifuri mpaka mia. Hapakuwa na kufuli. Akaketi asubuhi nzima, akaandika timu yote ya Kibabi.

Siku ile ya kwanza watu walipiga mayowe ya furaha. Siku ya pili foleni ikaanza.

Mama Emérita, mama yake Tuyizere, alikuja na jembe begani. "Callixte, naambiwa mutoto wangu anachoka ku dakika ya makumi sita. Anachoka juu ya nini? Mimi namulishaka!"

"Mama, ni muchezo tu."

"Basi kama ni muchezo tu, ongeza."

Papa Guylain alitaka jina la duka lake liandikwe kandokando ya uwanja, pande zote nne. Beki wa kushoto alitaka urefu. Mwingine alitaka apewe nywele. Callixte aliwakatalia wote, akaifunga ile orodha kwa nywila yake. Namba ni ukweli, aliwaambia. Alikuwa ameichezea na kuitazama timu hii misimu mitatu. Nsengimana huyo huyo alifungwa mabao sita kule Pinga, na la sita lilipita akiwa ameupa uwanja mgongo, anamsalimia shangazi yake nyuma ya goli. Arobaini na moja ilikuwa ni huruma.

Alhamisi asubuhi, baada ya wa kumi na mbili au wa kumi na tatu kuja kulalamika, Papa Guylain alimchokoza kutoka nyuma ya mizani.

"Kijana, si weye njo ulituhubiria hapa? Linux ni ya bantu bote, Linux haina mukubwa. Sasa umefunga ile orodha na mot de passe yako sawa mufuko ya douane ku mupaka."

Damu ikampanda Callixte kichwani. Akavuta kibodi, akaandika amri mbili, akasimama.

"Haya! Iko wazi! Kila muntu ajiandike mwenyewe. Nimechoka na bote!"

Saa sita mchana hapakuwa na mchezaji wa Kibabi chini ya tisini na tisa. Nsengimana alikuja akajipa mia, akaondoka bila kumtazama Callixte. Kisha wakacheza, Kibabi dhidi ya Kibabi. Loo! Kila mpira ulifikiwa na kila mtu kwa wakati mmoja. Watu ishirini wenye nyuso za tofali walirundikana katikati ya uwanja, wakatetemeka hapo kama nyuki, mpira ukiwa chini yao. Mechi ya kwanza sifuri kwa sifuri. Ya pili sifuri kwa sifuri. Ya tatu kompyuta ilipata joto, ikazimika. Wachezaji wakatupa vidhibiti vya mchezo mezani, wakachukua simu zao hata kabla hazijajaa.

"Turudishie yetu ya zamani," wakasema, kana kwamba yeye ndiye aliyewaharibia.

Callixte alikuwa na nakala ya orodha ya kwanza. Akairudisha, meno yakisagana. Alikuwa bado ameinama pale Béata alipoingia na simu mbili za kuchaji, akasimama nyuma yake, akasoma orodha kutoka juu mpaka chini.

"Huyu mushambuliaji wa themanini na nane ni nani?"

Callixte akaufunika ule mstari kwa kiganja. Jina lilikuwa lake.

"Nani alimupa themanini na nane?"

"Béata, mimi najijua."

"Na kaka yangu, naye si anajijua?" Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililouma. "Unagombana na kijiji muzima juu ya ukweli. Twende ku uwanja. Penalti tano. Weye unapiga, yeye anakamata. Kisha tutaandika."

Angeweza kukataa. Lakini Papa Guylain alikwisha kusikia, na lililosikiwa na Papa Guylain lilikuwa limefika sokoni. Saa tisa watu walikuwa wamezunguka uwanja wa parokia, na Nsengimana alikuwa golini, mikono kiunoni, hana hata salamu.

Penalti ya kwanza Callixte alipiga kwa nguvu zote. Nsengimana akaukumbatia mpira kifuani. Ya pili ilipita juu ya mwamba, ikaangukia maharagwe ya Mama Emérita, na mama yule akatoa maoni yake. Ya tatu ikazuiwa kwa mguu. Ya nne iligonga kichuguu, ikabadili njia, ikaingia, na Callixte akainua mikono peke yake. Ya tano, Nsengimana alikuwa amekwisha kuanguka upande usio wa mpira. Mpira ukamgonga mgongoni, ukatoka nje.

"Moja ku tano!" umati ukaimba mpaka dukani.

Callixte aliketi mbele ya kompyuta, masikio yakimwaka. Nsengimana na Béata wakasimama nyuma yake. Akafuta ile themanini na nane. Akaandika sitini.

"Shusha," Nsengimana akasema.

Hamsini.

"Weye njo ulisema ukweli," Béata akamkumbusha.

Akaandika thelathini na tisa. Nyuma yake mtu alicheka mpaka akakohoa. Kisha, bila kuombwa, Callixte akashuka mpaka kwenye jina la Nsengimana, akaandika hamsini na tano.

"Sitini," Nsengimana akasema.

"Hamsini na tano."

"Nilikamata nne!"

"Ulikamata mbili. Moja niliitupa ku maharagwe, na ingine ilikugonga mugongo." Kidole chake hakikusogea kwenye kibodi. "Hata ukikataa kasiksi, kaka, ule mugongo sitauandika."

Béata akafumba macho. Nsengimana akavuta kigoda, akaketi, akachukua kidhibiti kimoja, kingine akamrushia Callixte mapajani.

"Anzisha."

Wakaanza, wote wawili upande wa Kibabi. Callixte wa kwenye skrini alipokea mpira wa kwanza, akaukanyaga, akaanguka kifudifudi. Watu wakapiga meza.

"Hii mashini!" Callixte akafoka. "Kimbia basi! Simama! Unalala nini?"

"Rudisha nyuma!" Nsengimana alipiga kelele, akimsukuma kwa bega. "Rudisha kwa gardien, shemeji, utatufungisha!"

Hakuwahi kumwita hivyo. Béata akachukua simu zake mlangoni, akaenda kumwambia mama yake aoshe vikombe vya Jumapili.