Hotuba Iliyokataa Kuhifadhika

Tangu asubuhi Théodore alikuwa akiandika hotuba yake kwa vidole viwili, na sasa kompyuta imegoma kuihifadhi. Kila alipobonyeza, kijisanduku cha Kifaransa kilichomoza katikati ya kioo, kikamkatalia kwa adabu, kikaondoka. Alibonyeza tena. Kikarudi.

Kuizima hakuthubutu. Betri ilikufa zamani, mashine ikabaki kuishi kwa waya wa ukutani. Umeme wa Bertrams, mtaa wao wa Johannesburg, ukikatika, kama ulivyozoea, hotuba ingekwenda na maji. Nayo ilikuwa hotuba ya keshokutwa, siku ya kumwoza Falonne, binti yake wa pekee.

Mafundi aliowajua walikuwa mtaa wa Yeoville, na wote husema lete mashine. Angélique, mkewe, naye alikuwa huko huko kwenye cherehani yake, akimalizia nguo za wasimamizi. Hakubaki mtu anayeielewa kompyuta ila bibi harusi mwenyewe. Théodore alizunguka chumba, akakuna kichwa, mwishowe akampigia.

"Papa, usiguse kitu," Falonne alimwambia. "Nakuja."

Alifika alasiri kutoka kazini Randburg, bado hajabadili nguo. Alimkuta baba yake amesimama mbele ya kompyuta, ameifunika kioo kwa kofia yake ya kazi ya ulinzi.

"Rekebisha, lakini usisome."

"Eish, Papa. Nitarekebisha aje na siioni?"

"Kofia itafunika juu. Wewe fanyia chini."

Falonne alicheka, akaketi. Kiswahili alikielewa chote, ila kukisema alikisema kwa kuokoteza, kama mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe. Alibonyeza kuhifadhi. Kijisanduku kikachomoza, nusu yake chini ya kofia.

"Hii ni Kifaransa. Inasema nini?"

Théodore aliinua ukingo wa kofia kidogo, akachungulia. "Inasema njia haionekani."

"Njia ya wapi?"

"Haijasema. Njia tu."

Falonne alifikiri. Alifungua kurasa moja baada ya nyingine, huku baba yake akimsomea kila neno aliloliuliza, na kofia ikihama huku na huku kwa kufuata mkono wake. Nafasi ilikuwapo, kwa hiyo mashine haikujaa. Hotuba haikufungwa kwa ufunguo wowote. Mwishowe alinyoosha kidole.

"Ona. Kila kitu inataka kuweka hapa, na hapa hapako. Kulikuwa na kadi ndogo pembeni?"

Théodore aliinua kidole gumba. "Ile ya ukubwa wa ukucha?"

"Ndiyo."

"Niliitoa juzi, nikaitia kwenye simu. Picha za siku ya mahari zilikataa kuingia, na bibi yako kule kwetu Uvira alizitaka."

"Sasa mashine inatafuta kadi yake, Papa. Inabisha hodi kwenye nyumba iliyohama."

"Niirudishe?"

"Hapana, acha. Tuipe nyumba ingine." Alisita. "Lakini kwanza nipige picha hotuba kwa simu. Umeme ukienda sasa, tutalia wote wawili. Toa kofia."

Baba mtu alitazama taa ya dari, akamtazama binti yake. Akaitoa kofia.

Falonne aliinua simu, akapiga picha ya ukurasa wa kwanza. Alipofika wa pili mkono ulishuka wenyewe. Midomo ikaanza kusoma, polepole, silabi kwa silabi:

"Siku tuliyofika Johannesburg, mama yako alikata kitenge chake cha harusi vipande viwili. Kimoja alikufungia mgongoni. Cha pili alikitundika dirishani, kwa sababu hatukuwa na pazia. Majirani walidhani kuna sherehe."

Akageuka. "Ile pazia ya ndege?"

"Ndiyo hiyo."

"Mi nilihesabu wale ndege kila usiku. Nilifikiri ni pazia tu. Iko wapi?"

"Ilifuliwa, mwanangu. Ilifuliwa mpaka ndege wakaruka wote wakaisha."

Falonne alijifuta macho kwa kiganja, akamaliza picha, kisha akaionyesha mashine mahali papya pa kuweka mambo yake. Alibonyeza. Kijisanduku hakikutokea. Aliifunga hotuba, Théodore akashika kifua; akaifungua, na maneno yote yalikuwapo, mpaka yale aliyoyakosea.

"Sharp, iko sawa," alisema Falonne. Kisha akauliza, "Wakwe hawajui Kiswahili. Nani atawaambia kwa Kizulu?"

"Mchungaji ameahidi."

"Mchungaji atafupisha. Atasema, baba ana furaha, tuombe. Mi ndiye nitasema."

"Falonne! Kwetu bibi harusi anainamisha kichwa, hasemi kitu."

"Basi nitainamisha kichwa nikisema."

Théodore alifungua kinywa ampinge, akajizuia. Aliwaza shangazi za Falonne wangesemaje juu ya jambo hilo, kisha akawaza chumba kizima kikimsikiliza binti yake akisema habari ya mama yake kwa lugha aliyokulia. Alivuta kiti cha pili, akaketi karibu naye.

"Rudi juu kabisa," alisema. "Neno usilolijua, uliza."

Falonne alirudi juu. Neno la kwanza tu alikwama, akauliza.